Shamba la Naboti Katika Filamu

Vijana kadhaa wa parokia zetu za Goma wametuomba tuseme neno juu ya mchezo uitwao Country Queen. Si mchezo mpya. Ulianza kuonyeshwa kwa njia ya intaneti tarehe 15 Julai 2022, nao ni mfululizo wa kwanza wa Kenya kutolewa na Netflix, kampuni ya Marekani, kama mchezo wake yenyewe. Una sehemu sita. Lakini hapa kwetu filamu haifi upesi. Mmoja mwenye uwezo wa kulipia huipakua katika simu yake, majirani huja na viti vyao, na umeme ukikatika watu hungoja gizani huku wakibishana. Mabishano hayo tumeyasikiliza zaidi ya mara moja. Leo twataka kuyapima, kwa kuwa maneno ya watazamaji yana uzito kuliko wanavyodhani wenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Akisa, mwanamke atafutaye riziki kwa ujanja wa mji wa Nairobi, analazimika kurudi kijijini kwao Tsilanga baada ya miaka 10. Huko anakuta kampuni ya madini, EcoRock, imeitolea macho ardhi ya wazee wake. Melissa Kiplagat ndiye Akisa, na Nini Wacera ndiye Vivienne, bibi mkubwa wa kampuni. Watu wanasema Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, kama wasemavyo nyumbani.

Neno la kwanza tulilolisikia ni la akina mama. Wao hawakupendezwa na mwenendo wa Akisa, hasa mapenzi yake ya mjini yasiyo ya ndoa. Hawakukosea kuona ubaya palipo na ubaya. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, ulikubali kwamba kuonyesha uovu kwaweza kutusaidia kumjua mwanadamu zaidi, mradi sheria ya maadili itunzwe. Naye Papa Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alitaka watazamaji wafundishwe kupima wanachokiona. Basi sisi twasema: mchezo huu ni wa watu wazima, watoto wasipewe.

Neno la pili ni la mwalimu mmoja. Alilalamika kwamba Kiswahili cha mchezo huu kinarukia Kiingereza kila mara. Tulicheka kidogo, kwa maana alilisema jambo hilo kwa Kiswahili kilichojaa Kifaransa. Mtu wa Goma hawezi kumhukumu mtu wa Nairobi katika kosa hilo. Tena, kumsikia mtu wa kijijini akisema Kikamba bila kuona haya ni furaha, na vijana wetu wanaoona haya kusema lugha za mama zao wangejifunza hapo.

Neno la tatu ndilo lililotunyamazisha. Kijana mmoja, aliyewahi kuchimba koltani kule Rubaya, katika Masisi, alitazama mpaka mwisho asiseme kitu. Kisha akauliza: “Mbona wezi wote wanakaa Nairobi?”

Wengine walimpinga. Wakasema filamu haiwezi kuonyesha kila kitu, na kweli haiwezi. Lakini twaona kijana yule amegusa udhaifu wa mchezo huu kuliko wote waliosema kabla yake. Country Queen inatumia muda mwingi mno katika siri za jamaa na fitina za mapenzi. Udongo wenyewe, na mikono mingi inayouuza, vinapita upesi. Hivyo mtazamaji anapata bibi mmoja tajiri wa kumchukia, naye anakwenda kulala akijiona safi.

Tulinganishe na habari ya zamani tunayoijua sote, ya mfalme Ahabu na shamba la mizabibu la Naboti, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Yezabeli ni mbaya, ndiyo. Lakini Yezabeli aliandika barua tu. Waliotangaza mfungo ni wazee wa mji. Walioshuhudia uongo ni watu wawili wa mji ule ule. Waliorusha mawe ni majirani wa Naboti, waliokuwa wakisalimiana naye kila siku. Mwandishi wa kale hakuwasahau hao, na kwa sababu hiyo hadithi yake inatuchoma mpaka leo.

Sisi wa Kivu twajua mkono wa jirani. Masisi watu wengi wameyaacha mashamba yao si kwa karatasi za kampuni, bali kwa milio ya bunduki. Lakini gunia linalotoka shimoni halina miguu. Lina mchimbaji, lina mbebaji, lina anayetoza ushuru njiani, lina mnunuzi, lina mwenye ghala, lina mwenye nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa faida yake. Lina hata sisi, kwa sababu tantali itokayo katika koltani imo ndani ya simu nyingi, labda na hiyo tuliyomwonea Akisa. Wala tusijifiche nyuma ya mlango wa kanisa: ni mara ngapi tumepokea sadaka nono bila kuuliza imetoka shimo gani?

Hatusemi kwamba mchezo huu haufai. Umefanya jambo ambalo filamu nyingi zinazopendwa mjini kwetu hazifanyi: umeiweka ardhi ya mkulima katikati ya hadithi, ukawapa Waafrika wenyewe kazi ya kuitetea na pia dhambi ya kuiuza. Waigizaji wake wanafanya kazi njema. Tungependa tu watungaji wa mchezo mwingine, pengine vijana wa Goma wenyewe, wathubutu kutuonyesha wazee wa mji na mashahidi wawili.

Usiku ule alikuwapo pia mama mmoja aliyeikimbia vita ya Masisi. Yeye hakuhukumu mwenendo wa mtu, wala lugha, wala uigizaji. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, aliuliza jambo moja tu: “Hao wazee watabaki na shamba lao?” Hakuna aliyemjibu.

Wasomaji wapenzi, tazameni, bishaneni, wala msione haya kutoa machozi. Lakini kabla ya kuzima simu kila mtu ajiulize: siku ile ya Naboti, mimi ningesimama upande gani, na mkononi ningekuwa na nini?