Kilicholegea Chini ya Dashibodi

Magari ya Marekani ya miaka ya 1960, yale ya bodi ya kawaida yaliyofungwa injini kubwa kupita kiasi, husifiwa kwa namba. Mustang ya mwaka 1968 yenye injini ya 428 Cobra Jet ilitangazwa na Ford kuwa na nguvu za farasi 335, na mpaka leo anayeiuza huanza na namba hiyo, kisha rangi, kisha viti. Hakuna anayeanza na bushi za plastiki zilizojificha chini ya dashibodi, zinazobeba shafti ya pedeli ya klachi. Lakini nguvu zote hizo husubiri amri ya mguu wa kushoto, na amri hiyo hufika kwenye klachi ikiwa kamili au imepunjwa kulingana na uzima wa bushi hizo na wenzao wachache. Ninashikilia kwamba fundi anayezibadilisha inavyotakiwa anafanya kazi ya juu kuliko yule anayefunga kabureta kubwa zaidi. Kabureta hununuliwa ikafungwa. Ulegevu wa pedeli lazima kwanza ueleweke umetoka wapi.

Tazama jinsi mfumo wenyewe ulivyo. Mustang za mwanzo, tangu ya kwanza ilipotoka Aprili 1964, hazitumii mafuta kusukuma klachi. Ni chuma kinasukuma chuma. Pedeli huzungusha shafti yake, shafti husukuma fimbo inayopenya ukuta wa injini, fimbo huzungusha mtaimbo mfupi ulioshikwa upande mmoja na injini na upande wa pili na bodi. Mtaimbo huo husukuma fimbo nyingine yenye uzi wa kurekebishia, nayo husukuma foki inayopeleka beringi kwenye vidole vya presha pleti. Kila panapokutana viwili pana bushi, pini au kichwa cha mviringo, na kila kimoja kikilika kidogo hula sehemu ya mwendo wa mguu. Wala hasara hiyo haibaki ndogo. Pedeli ni wenzo mrefu, na fimbo yake imefungwa karibu na mhimili, kwa hiyo milimita moja iliyopotea pale juu huwa milimita kadhaa chini unapokanyaga. Ndiyo maana gari ambalo halina kipuri hata kimoja kilichovunjika linaweza kukwaruza gia ya nyuma kila asubuhi.

Hapa ndipo akili ya fundi hupimwa, kwa kuwa mfumo huu una udanganyifu ndani yake. Klachi pleti inapolika, vidole vya presha pleti hurudi nyuma kuielekea beringi, na ile nafasi huru ya juu ya pedeli, kabla mguu haujakutana na uzito, hupungua. Bushi zinapolika, nafasi hiyo huongezeka. Kuchakaa kwa aina mbili kunavuta pande mbili tofauti, na katika gari la zaidi ya miaka hamsini huwa zinafidiana. Mtu akipima juu ya pedeli anaweza kukuta takriban inchi moja, kama kitabu kinavyotaka, akaondoka ameridhika. Kumbe inchi yake yote ni ulegevu wa viungo, na beringi inagusa vidole muda wote injini inapozunguka, inachemka na kujimaliza. Mwingine atakuta pedeli imelegea mno na kukimbilia nati ya fimbo yenye uzi. Ataikaza mpaka ulegevu uishe mguuni, na kwa kufanya hivyo ameibana beringi kabisa. Nati ile iliwekwa kwa ajili ya kulika kwa pleti. Kuitumia kumeza ulegevu wa bushi ni kumdanganya mwenye gari, na kumwachia fundi anayefuata kesi isiyo na ushahidi.

Kazi ya mikono nayo ina heshima yake. Fundi analala kifudifudi au chali kati ya kiti na dashibodi, tochi mdomoni, na jambo la kwanza ni springi nene inayosaidia mguu. Ina nguvu ya kuumiza. Waangalifu huinyoosha, hupenyeza washa katikati ya koili ili ibaki imenyooka, ndipo huitoa. Kisha hutoka shafti, na shafti ndiyo inayosimulia. Mzigo wa klachi huivuta upande mmoja kila siku, hivyo bushi hailiki kwa duara. Huwa yai, halafu huisha kabisa, chuma kikaanza kula chuma. Tundu la kibebeo likishakuwa yai, bushi mpya italegea baada ya muda mfupi. Ni lazima tundu lichomelewe na kutobolewa upya, au lichomelewe bomba la kubeba beringi, na shafti yenye mfereji ijazwe na kukerezwa irudi kipimo chake. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: pedeli ya breki ya gari hili imening'inia kwenye shafti hiyohiyo. Anayepuuza ulegevu wa klachi anapuuza pia kinachoshikilia breki.

Wapo watakaosema ni juhudi ya bure, kwa kuwa mfumo wa mafuta unaweza kufungwa na viungo vya nje vikaondoka. Ni kweli mfumo huo hausumbuliwi na injini inayotikisika kwenye mipira yake, na kwa mwenye injini isiyo ya asili unaweza kuwa ndio jibu pekee. Ila silinda yake bado inasukumwa na pedeli ileile, juu ya shafti ileile. Tundu lililokuwa yai litabaki yai.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wahifadhi: ukiweka beringi mahali ambapo kiwanda kiliweka plastiki, gari si lile tena. Hoja hii naiheshimu, na kwa gari adimu ningependa bushi za aina ya awali zirudishwe, maana kazi hiyo inaweza kurudiwa na haikati chuma. Lakini uasili haumaanishi kuuhifadhi ulegevu. Mustang GT 390 ya filamu ya Bullitt, aliyoendesha Steve McQueen, iliuzwa mnadani Florida Januari 2020 kwa dola milioni 3.74 ikiwa na rangi yake iliyopauka na makovu yake. Hata hivyo ilikuwa imetengenezwa iweze kutembea. Kiwanda hakikukusudia pedeli icheze kulia na kushoto. Ulegevu huo uliingia baadaye, na anayeuondoa anairudisha kazi ya waliolibuni gari.

Basi, wewe mwenye gari la namna hii, kabla hujakubali giaboksi ishushwe, mwombe mtu akanyage klachi polepole huku fundi akishika kila kiungo kwa vidole, kimoja baada ya kingine, akitafuta mahali ambapo upande mmoja unasogea na wa pili umetulia. Vitakavyokutwa vimelika vibadilishwe kwanza, na nati isiguswe hadi hapo. Na fundi akitumia siku nzima chini ya dashibodi kwa ajili ya bushi, mlipe siku nzima.