Duara la Wasimulizi: Chozi la Heri, Darasa na Afya ya Akili ya Vijana

Dai kwamba fasihi huiponya nafsi limezoeleka katika mijadala yetu kiasi cha kutohojiwa tena. Makala hii inalihoji kupitia Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya. Uzito wa suala lenyewe hauna shaka: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Riwaya inafunguka kwa msiba wa Ridhaa, daktari aliyepoteza jamaa zake katika moto wa ghasia za baada ya uchaguzi. Hata hivyo, sehemu inayotuhusu zaidi ni ile ya Shule ya Tangamano. Umulkheri, aliyeachwa na mama, akafiwa na baba, kisha akaibiwa ndugu zake wawili na kijakazi, anaketi na Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na kila mmoja anasimulia yaliyomsibu. Hapa mwandishi anadokeza kuwa nafuu haitokani na kisa peke yake, bali na kuwapo kwa msikilizaji.

Duara hilo lina kasoro mbili. Kwanza, Umulkheri anafarijika kwa kupima mzigo wake dhidi ya mizigo ya wenzake. Faraja ya namna hii inaweza kumnyamazisha msomaji anayejiona hana haki ya kulalamika kwa kuwa wengine wameteseka zaidi. Pili, ndugu hawa wanakutana tena kwa sadfa. Msomaji asiyetarajia sadfa kama hiyo maishani mwake anaachwa njia panda.

Kasoro hizi zingekuwa mada bora za mjadala darasani. Badala yake, mwanafunzi hufunzwa kueleza muktadha wa dondoo: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Maswali hayo yana thamani yake kitaaluma, lakini yakitawala somo zima, hata yatima hujifunza kuuchambua uyatima kwa hoja nne za alama nne.

Haipendekezwi hapa kwamba mwalimu wa fasihi ageuzwe kuwa tabibu. Kinachopendekezwa ni mambo matatu: kila riwaya teule itengewe vipindi vya majadiliano yasiyotahiniwa, mwanafunzi aruhusiwe kusikiliza bila kulazimishwa kufichua yake, na mwalimu ajue ni lini na kwa nani amwelekeze anayehitaji msaada wa kitaalamu.

Mapendekezo haya yanavuka mipaka ya Kenya. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mifumo inayojengwa sasa ina nafasi ya kuamua namna vitabu vitakavyosomwa kabla mtihani haujaamua kwa niaba yake. Riwaya inayosimulia majonzi ya vijana, ikifundishwa bila kumwachia kijana nafasi ya kusikilizwa, imefundishwa nusu tu.