Ustaarabu wa Majina

Fundi wa lugha ya C mimi humpima kwanza kwa majina anayoyaacha wazi. Kasi ya msimbo wake huja baadaye.

Kompaila husoma kila faili peke yake, na kila moja hupita salama. Linka ndiyo huziunga mwishoni, na ndiyo hukuta fankisheni mbili zinazoitwa init, ikagoma. Afadhali hapo, maana imesema. Kwenye maktaba za pamoja za Linux, kwa kawaida jina linalopatikana kwanza ndilo hushika, na programu huenda ikaita kimyakimya fankisheni isiyo yake. Kosa la namna hiyo laweza kumla mtu wiki nzima.

Mtaani wakiwapo akina Asha wawili, kila mmoja hutajwa pamoja na jina la babaye. Waandishi wa SQLite, maktaba ya hifadhidata, wamefanya hivyo kwa uaminifu unaonigusa: fankisheni zote zilizokusudiwa watumiaji huanza na sqlite3_. Tarakimu ile ina sababu. Mwaka 2004, toleo la 3 lilipokuja, waliacha kiambishi cha zamani, sqlite_, ili programu moja iweze kubeba toleo la 2 na la 3 bila ugomvi. Waliwafikiria watu wasiowajua, wenye msimbo wa zamani ambao hauwezi kuhamishwa kwa siku moja. Tena, faili zao zaidi ya 100 zinapounganishwa kuwa moja, sqlite3.c, fankisheni za ndani hutangazwa static, na linka haizioni kabisa. Huo ndio ufundi ninaousifu.

Wazee wa kazi hii walikuwa na nafasi finyu. Kiwango cha C cha 1989 kilidhamini herufi 6 tu za mwanzo katika jina la nje. Kile cha 1999 kikazifikisha 31. Kisingizio cha ufinyu kimekwisha. Kompaila ya GCC, katika toleo la 10 la mwaka 2020, nayo iliacha mazoea ya kuunganisha kimyakimya vigeu vya jina moja vilivyotangazwa katika faili mbili bila thamani ya kuanzia. Programu nyingi ziligoma kujengwa, na ilikuwa haki zigome.

Wewe unayeandika maktaba leo, pitia orodha ya majina inayoyatoa nje kwa amri ya nm kabla hujaisambaza. Lisilohitajika nje lifiche. Linalobaki lipe kiambishi chako.