Mkono Nao Husimulia: Kuhakiki Hadithi za Magemu ya Video

Makala haya yanahusu magemu ya video yenye hadithi. Sisemi yale ya mpira, ambayo mtu hufunga magoli na kumcheka mwenzake, bali yale ambayo mchezaji humshika mhusika mmoja na kwenda naye tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho wake. Najua wapo watakaofunua ukurasa upesi, wakisema huu ni uhuni wa watoto wa mtaani ulioletwa hadi kwenye jarida la wasomi. Haya, wafunue. Lakini tukumbuke kwamba bongo fleva nayo ilikaa mlangoni muda mrefu kabla mihadhara ya fasihi haijaipa kiti, na leo wenzetu wanaandika tasnifu juu yake bila kuona haya.

Hoja yangu ni hii. Hadithi ya gemu haimo hasa katika maneno ya wahusika, wala katika vipande vya sinema vinavyoonyeshwa baina ya misheni moja na nyingine. Imo katika kile ambacho gemu linaulazimisha mkono wa mchezaji ukifanye. Mhakiki anayelihukumu gemu kwa maneno yake tu anafanana na mtu anayehakiki ngoma kwa kusoma mashairi yake, asijali watu walivyocheza.

Hoja hiyo sikuitoa katika kitabu. Niliipata Nachingwea, katika kibanda cha gemu chenye bati moja, televisheni ya chogo na PlayStation 2 iliyokuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili kifuniko kisifunguke. Tulilipa kwa dakika. Mwenye kibanda alitega simu yake, ikilia unaachia pedi, hata kama jambazi amekushika shingo. Sasa, ndugu msomaji, fikiria maana ya jambo hilo kwa usimulizi. Kila sekunde ina bei. Sinema ikianza, watu wawili wakazungumza kwa Kiingereza ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekielewa, benchi zima lilipiga kelele: “Ruka! Ruka!” Na kweli tuliruka. Kibanda hakikuwa na memori kadi ya wateja, kwa hiyo kila siku kisa kilianza upya. Tukawa kizazi kinachojua mianzo mingi na miisho michache sana.

Gemu tulilolijua zaidi lilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas, la mwaka 2004. Kwa maneno yake, kisa chake ni kizito. Carl Johnson, yaani CJ, anarudi Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake. Anapokelewa na askari fisadi, Tenpenny, ambaye sauti yake imetolewa na mwigizaji Samuel L. Jackson. Baadaye CJ anagundua kwamba Big Smoke na Ryder, rafiki zake wa tangu utotoni, wamewasaliti watu wa mtaa wao. Mwishoni Tenpenny anaachiwa huru na jiji linalipuka kwa ghasia, jambo linalotukumbusha moja kwa moja ghasia za Los Angeles za mwaka huo wa 1992. Ukikipima kwa vigezo tulivyofundishwa, dhamira ipo, migogoro ipo, wahusika wamejengwa vizuri, hata kejeli ipo ya kutosha.

Watoto wa Nachingwea hawakuyajua yote hayo. Kwao San Andreas ilikuwa hadithi ya mtu mwenye baiskeli. Na kwa kweli hawakukosea, maana kitu cha kwanza ambacho gemu linakipa mkono ni baiskeli, na kwa mtoto wa Nachingwea hiyo ni chombo cha kila siku. Baada ya hapo likaja fimbo la kupigia watu, magari ya kupora, na chiti za kukupa bunduki zote. CJ analia kaburini kwa mama yake, halafu dakika mbili baadaye mkono wangu unamgonga kwa gari mama wa mtu mwingine, na gemu halisemi kitu. Nikiuawa, naamkia hospitali, nimepungukiwa dola kidogo na silaha zangu. Hapa ndipo ninapodai kwamba fani imeisaliti dhamira. Waandishi wameandika msiba, waliotengeneza mchezo wametengeneza gulio.

Hata hivyo nisilionee gemu hilo. Kuna jambo moja ambalo mkono na hadithi vilikubaliana: mwili wa CJ. Ukimlisha ovyo ananenepa, ukimpeleka kwenye mazoezi anatuna misuli, ukimwacha na njaa anakonda. Tuliulizana kibandani, “Huyu wa kwako mbona kitambi?” na hapo tulikuwa tunahakiki, ingawa hatukujua.

Sekondari nilisoma Ruangwa. Huko vibanda vilikuwa vya mpira zaidi, na Namungo ilipopanda Ligi Kuu na kuingia msimu wa 2019/20 ndiyo kabisa, ukitaka gemu la hadithi unaambiwa usubiri jioni watu wakatawanyike. Lakini jioni hiyo ilikuwa na faida yake, kwa sababu palikuwa na kijana mmoja, mkubwa kwetu kidogo, aliyejipa kazi ya kutafsiri. Alisimama pembeni ya televisheni na kutupa Kiswahili juu ya Kiingereza, kwa mtindo uleule wa kina Lufufu waliokuwa wakisimulia filamu za kigeni katika vibanda vya video. Tofauti ni kwamba Kiingereza chenyewe jamaa hakukijua sana. Palipomshinda alitunga.

Gemu lilikuwa God of War la mwaka 2005. Wanaolijua wanakumbuka kwamba Kratos ana ngozi nyeupe kwa sababu majivu ya mkewe na bintiye, aliowaua mwenyewe kwa hila ya Ares, yamemganda mwilini. Mtafsiri wetu hakuyajua hayo. Alitueleza kwamba Kratos ni mwali wa jando aliyetoroka kambini kabla ya siku yake, bado amepakwa unga, na kila anayekutana naye njiani ametumwa kumrudisha. Ndiyo maana anapigana na kila mtu! Unaweza kucheka, nasi tulicheka. Lakini angalia: hatukuona mgongano wowote kati ya kisa hicho na tulichokuwa tukikifanya. Mkono ulikuwa unasimulia mtu mwenye hasira anayekimbia kitu alichokibeba mwilini mwake, na toleo la Ruangwa liliibeba maana hiyo vizuri kama toleo la Ugiriki. Katika fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba fanani ana uhuru wa kubadili maneno mradi kiini kibaki. Kiini cha gemu kilikuwa mikononi mwetu, si mdomoni mwake.

Ushahidi ulikuja kwa upande wa pili. Ndani ya hekalu la Pandora kuna mahali ambapo askari amefungiwa kwenye kizimba, na Kratos lazima akisukume kizimba hicho kukipandisha mpaka kwenye moto, mtu awe kafara ili njia ifunguke. Hakuna njia nyingine. Kijana wetu, pengine kwa kutuhurumia maana walikuwepo watoto wadogo, akatangaza kwamba Kratos anampeleka mgonjwa kwa daktari. Aliyeshika pedi akasukuma. Kizimba ni kizito, kinaenda polepole, na yule wa ndani analia na kusihi. Kilio cha namna ile hakihitaji mkalimani. Moto ulipowaka, kibanda kilinyamaza, kisha mtoto mmoja akasema, “Daktari gani huyo?” Tangu siku ile mtafsiri hakuaminiwa sana. Alikuwa ameweza kuibadili Ugiriki yote kuwa Umwera, lakini tendo lile moja lilimshinda, kwa sababu tulikuwa tumelifanya sisi.

Wapo watakaosema hapo hapo: basi magemu haya yanawaharibu watoto. Suala hilo ni la haki, na mimi nisingemweka mdogo wangu mbele ya kizimba kile. Ila kwa mhakiki kuna swali linalotangulia, nalo ni kama tendo lina uzito au halina. Mauaji ya San Andreas ni mengi na hayana uzito. Kizimba ni kimoja na sijakisahau.

Wenzangu wa fasihi wataelewa nikiwarudisha kwa Fumo Liyongo. Sote tunajua kwamba mwanawe mwenyewe ndiye aliyemchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba. Tunalisoma, tunasikitika, tunaandika insha juu ya usaliti. Sasa weka pedi mikononi mwa msomaji, awe yeye ndiye yule mwana, baba amelala, na kisa kisisogee mpaka abonyeze. Wale waliotunga The Last of Us (2013) walilielewa jambo hili. Mwishoni Joel anaingia chumba cha upasuaji kumtoa Ellie, daktari amesimama na kisu kidogo mkononi, na mchezaji hawezi kupita bila kumuua. Nilikaa pale muda mrefu nikimzunguka daktari, nikitafuta mlango. Riwaya ingeniambia Joel alisita. Gemu lilinifanya nisite mimi.

God of War mpya ya mwaka 2018 imekwenda mbali zaidi, na kwa ujanja mdogo tu. Kratos sasa amezeeka, ana mtoto, Atreus, na wawili hao wanapeleka majivu ya mama kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Kuna kitufe kimoja cha kumwamrisha mtoto apige mshale. Baada ya saa kumi za kucheza, kidole kinakibonyeza chenyewe bila kufikiri. Kisha Atreus anaugua, na baba anakwenda peke yake katika nchi ya wafu kumtafutia dawa. Vitani kidole kinakwenda pale pale, kinabonyeza, na hakuna mshale. Hakuna mtu wa kuupiga. Sijawahi kusoma sentensi iliyonionyesha upweke wa mzazi kwa ufupi kama ule.

Kwa kipimo hicho nilisubiri kwa hamu Tales of Kenzera: Zau, lililotoka Aprili 2024. Limetungwa chini ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake, na, jambo la kufurahisha sana, unaweza kulicheza wahusika wakizungumza Kiswahili. Muundo wake ni wa hadithi ndani ya hadithi: Zuberi amefiwa na baba, anafungua kitabu alichoachiwa, na humo anamkuta Zau, kijana mganga anayepatana na Kalunga, mungu wa kifo, kwamba akimletea roho tatu kubwa atarudishiwa Baba. Kusikia neno “Baba” likitamkwa kwa lugha yangu ndani ya gemu kulinigusa, sifichi.

Lakini sifa za lugha zisitufumbe macho. Roho zile tatu zimeokotwa mbali na kwetu: Impundulu ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa Senegambia. Kwa Mmwera wa Ruangwa ni wageni watupu kama Ares. Hilo si kosa kubwa, tungo husafiri. Kosa kubwa ni kwamba muda mwingi mkono wa Zau unaruka, unapiga, unabadili vinyago vya jua na mwezi, wakati mdomo wake unaomboleza. Huzuni imeachiwa maneno. Isipokuwa pale Zau anapofika chini ya mti na mchezaji anabonyeza ili akae. Anakaa tu, anasema yaliyo moyoni, na anaondoka na nguvu zaidi. Kwetu msiba ni kukaa. Hata lugha inasema hivyo, tunakaa matanga. Laiti gemu zima lingejengwa kwa ujasiri wa kituo kile!

Rafiki yangu anayesomea kompyuta huniuliza, gemu la Nachingwea lingekuwaje? Anapenda liwe la Farm 17, vijana wa FRELIMO wakijifunza kulenga shabaha, na naona wazi anawazia bunduki. Mimi nachagua karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta trekta, mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita, wakajenga reli kutoka pwani, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana nao. Rafiki yangu anataka mchezaji awe meneja, aone ramani yote kutoka juu na kugawa fedha. Hapana. Awe kibarua. Ang'oe visiki tangu alfajiri, kisiki kimoja kimchukue dakika tano za kubonyeza, apande, udongo ugande, apande tena. Na asisomewe tangazo lolote la kuvunjwa kwa mradi. Siku moja afike kazini, abonyeze kitufe cha kuliwasha trekta, lisiwake.