Kiota Kingali na Joto

Wageni waliolala Bukavu wakiwa bado wanakunywa chai, mapisteri, yaani wafuata nyayo, wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega mashariki mwa Kongo wameshaingia msituni. Wanatokea Tshivanga, kama kilomita 30 kutoka mjini kwa barabara ya Miti, kwenye baridi ya mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Hawabahatishi. Wanarudi pale walipoiacha familia ya gorila jana alasiri, na kuanzia hapo wanatafuta mahali ilipolala.

Pisteri hodari utamjulia kwenye viota. Kila jioni gorila mzima hukunja matawi na majani, akajitandikia kiota kipya, na huku Kahuzi mara nyingi ni chini ardhini. Mzee wa kazi hii huchutama, hasemi kitu. Anahesabu viota kwanza. Kisha anatazama kinyesi, maana gorila hujisaidia palepale alipolala. Kinyesi kikubwa, na nywele nyeupe zimenata kwenye majani: hapo alilala dume mwenye mgongo wa fedha. Kikubwa na kidogo ndani ya kiota kimoja: mama na mtoto wake, kwani mtoto hulala na mamaye mpaka afike miaka mitatu hivi. Anaweka mgongo wa kiganja juu ya majani yaliyolaliwa, aone kama joto bado limo. Anaponyanyuka ameshajua familia ina wangapi, na hajamwona hata mmoja.

Baada ya hapo ni njia. Majani yaliyolala yameelekea kule walikokwenda, na upande wa chini, uliopauka, umegeukia juu. Shina lililotafunwa likiwa bado linatoa maji, hawako mbali. Likishageuka kahawia, wana saa kadhaa mbele yako. Kwenye tope panaonekana alama za vifundo vya vidole, kwa kuwa gorila hukanyagia ngumi. Msimu wa machipukizi ya mianzi kazi hurahisika kidogo, familia ikiwa imejichimbia humohumo kula. Kwa siku moja huenda kama kilomita moja tu, ila kilomita hiyo inapanda, inashuka, inazunguka na kurudi, na anayekimbia ndiye anayeipoteza.

Sehemu kubwa ya elimu hii ni ya Batwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, na waliomwonyesha njia za gorila walikuwa watu wa msitu huo, waliojifunza kufuata nyayo kwa kuwinda. Muongo huohuo familia za Batwa zikafukuzwa msituni, wachache wakaajiriwa na hifadhi, na ugomvi wa ardhi ile haujaisha hadi leo. Siwezi kuisifu kazi hii nikalinyamazia hilo: ujuzi ulibakizwa, wenyewe wakatolewa.

Hatua za mwisho ndizo ninazozipenda zaidi. Marekani, mwindaji wa bata mzinga wa porini hujificha alfajiri akaiga sauti ya jike, ili dume lije lenyewe mbele ya bunduki. Pisteri naye ana sauti yake, lakini yeye hamdanganyi mtu. Akishasikia harufu kali ya dume, hupunguza mwendo na kuguna kooni, mguno mrefu wa chini, uleule ambao gorila hugunia wakiwa wanakula kwa amani. Maana yake ni kwamba tupo, na hatukuvizii. Anasubiri. Dume likikaa kimya, haongezi hata hatua moja.

Likijibu, panga linaanza kazi ya taratibu, mtambaazi mmoja baada ya mwingine, mpaka wageni wapate kuona. Wana saa moja. Wao wanapiga picha, pisteri anahesabu upya na kulinganisha na viota vya asubuhi. Hesabu hiyo si mapambo: waya uliotegewa wanyama wadogo humnasa gorila pia, na katika familia ya dume Chimanuka kulikuwa na jike aliyeitwa Mukono, aliyeishi na mkono mmoja. Hesabu ikipungua, wageni watashuka na kiongozi wao, na pisteri atarudi vichakani kumtafuta aliyekosekana.