Ukimya wa Diouana: Nadharia ya Mawasiliano Mbele ya Filamu ya Sembène

Miongoni mwa wanaohakiki filamu kwa kutumia nadharia za mawasiliano baina ya watu, upo mtindo wa kuichukua nadharia kama kipimo kilichokwisha kukamilika, kisha kuyapima kwacho matendo ya wahusika, moja baada ya jingine. Mhusika akikunja uso, huandikwa kwamba ametoa ishara isiyo ya maneno. Akigeuka, kwamba ameyavunja mawasiliano. Uhakiki wa namna hii hauikosei nadharia, lakini hauifaidishi pia, na filamu yenyewe hubaki pale pale ilipokuwa. Makala haya yanadai kwamba ipo haja ya kuigeuza kazi hiyo na kuiacha filamu iihoji nadharia. Filamu iliyoteuliwa ni La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyotolewa mwaka 1966.

Mwaka uliofuata, Paul Watzlawick, Janet Beavin na Don Jackson, waliokuwa wakifanya utafiti Palo Alto, California, walichapisha kitabu chao juu ya mawasiliano ya wanadamu. Msingi wake wa kwanza unajulikana sana: mtu hawezi kutowasiliana. Kwa kuwa kila tendo linalofanywa mbele ya mwenzi ni ujumbe, kunyamaza nako ni ujumbe. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka papo hapo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na ni rahisi kudhani kuwa wahenga walikwisha kuyasema hayo. Si hivyo hasa. Methali inauweka mshindo mbele, katika wakati ujao. Wataalamu hao wanauweka ndani ya kimya chenyewe. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, ila katika filamu hii ina uzito.

Diouana, anayeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, ni msichana wa Dakar asiyejua kusoma. Anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto, na familia hiyo inaporejea kwao anaifuata hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa. Huko anajikuta akipika, akifua na kusugua bafu. Waajiri wake hawatajwi kwa majina. Ni Bibi na Bwana tu. Maneno ambayo Diouana huwatamkia ni machache mno, aghalabu ni kuitikia tu.

Tukio la kuajiriwa kwake linastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanywa kwa kawaida. Wanawake wanaotafuta kazi wameketi kando ya barabara. Bibi anatokea, amevaa miwani ya jua, na wote wanainuka kumkimbilia isipokuwa Diouana. Huyo asiyeinuka ndiye anayechaguliwa. Bibi ameusoma utulivu wake kuwa adabu, pengine kuwa utiifu. Kule Antibes utulivu huo huo unasomwa kuwa uvivu na jeuri. Mtumaji hakubadilika, na mpokeaji ni yule yule. Kilichobadilika ni mahitaji ya mpokeaji. Nadharia inasisitiza kwamba ujumbe hutumwa hata pasipo kukusudiwa, lakini ina machache ya kusema kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuupa ujumbe huo maana.

Watetezi wa nadharia watajibu kwamba jambo hilo limeshughulikiwa katika msingi unaohusu namna kila upande unavyoukata mfululizo wa matendo. Mfano mashuhuri wa kitabu hicho ni wa mke anayelalamika na mume anayejitenga: mke husema analalamika kwa sababu mume anajitenga, na mume husema anajitenga kwa sababu mke analalamika. Hapana shaka mfano huo unaingia katika nyumba ya Antibes. Bibi hukemea kwa sababu Diouana amenuna. Diouana hununa kwa sababu Bibi hukemea. Lakini ulingano huo ni wa juu juu. Mume na mke wa mfano wanaweza kuketi wakayazungumza mawasiliano yao. Diouana hana mahali pa kuketi. Akivaa viatu vyenye visigino virefu akiwa kazini, anaamriwa avivue. Asipofanya kazi, anaambiwa hatakula. Palipo na upande mmoja wenye funguo za jikoni, kuzieleza pande zote mbili kuwa zimenaswa katika mzunguko mmoja ni kumsaidia mwenye funguo.

Hata hivyo, kuna sehemu ambapo nadharia inaona mbali. Watzlawick na wenzake wanatofautisha kumkataa mtu na kumfuta. Anayekataliwa hukubaliwa walau kwamba yupo. Anayefutwa hutendewa kana kwamba hayupo. Tukio la barua ni kielelezo bora cha kufutwa. Barua ya mama yake Diouana inafika ikiuliza kwa nini yuko kimya na kuomba sehemu ya mshahara. Bwana anaisoma kwa sauti, kisha anachukua kalamu na kuanza kuandika jibu kwa niaba yake. Hana ubaya wowote moyoni. Pengine ndiye mwema kuliko wote nyumbani humo, na hapo ndipo tukio linapotisha. Diouana anaichana barua ya mama yake. Amebaki bila chombo kingine cha kuonyesha kwamba aandikiwaye yupo chumbani.

Mtazamaji, tofauti na Bibi na Bwana, huisikia sauti ya ndani ya Diouana. Sauti hiyo ni ya Kifaransa fasaha, nayo imetiwa na Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Yupo atakayeliona hili kuwa dosari, na hoja yake ina nguvu: hata katika nafsi yake Diouana hasikiki kwa lugha yake. Inaelekea, hata hivyo, kwamba pengo hilo kati ya mwili wa Mbissine Thérèse Diop na sauti ya mwingine linamnyima mtazamaji kiburi cha kudhani kwamba yeye amesikia kikamilifu.

Mshindo wa methali unafika. Diouana anaunyakua ukutani kinyago alichowazawadia waajiri wake alipoanza kazi Dakar, anakipigania na Bibi, anaurudisha mshahara, kisha anajiua bafuni. Huko nje kifo chake ni habari ya gazetini, na watu wanaendelea kuota jua ufukoni. Mshindo mkuu pia waweza kukosa sikio.

Bwana anakipeleka kinyago Dakar, pamoja na sanduku na fedha. Mama anazikataa fedha. Mvulana mdogo anakivaa kinyago na kumfuata Bwana vichochoroni bila kusema neno. Bwana anageuka nyuma, anaongeza mwendo, anageuka tena. Katika filamu nzima, hapa tu ndipo Mfaransa anapopokea kimya cha Mwafrika bila kuweza kukitafsiri apendavyo, naye anajibu kwa kukimbilia gari lake. Likiisha kuondoka, mvulana anakishusha kinyago na uso wake unaonekana.