Kukolea kwa Rangi na Ladha: Kiswahili cha Sakania na Mipaka ya Kamusi

Kamusi za Kiswahili zimezoea kuzigawa maana za neno moja kwa tarakimu. Utaratibu huo humfaa mwanafunzi, lakini katika maneno ya rangi na ladha unaficha mengi. Chukua kitenzi kukolea. Chumvi hukolea mchuzini, wekundu hukolea kitambaani, mazungumzo hukolea barazani. Anayezifanya hizo kuwa maana tatu amehesabu vitu vinavyokolea tu; maana yenyewe ni moja, nayo ni ya hali inayofikia ukamilifu wake. Hapo rangi na ladha si sifa zilizotulia.

Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya upatanisho ni vitatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hukopwa jikoni na shambani. Manjano ni kiungo, zambarau ni tunda, kahawia ina kahawa ndani yake, na mtu wa maji ya kunde hufananishwa na kilichobaki chunguni baada ya kunde kuchemka. Berlin na Kay, katika utafiti wao maarufu wa mwaka 1969, waliyatilia shaka majina ya rangi ambayo pia ni majina ya vitu. Kigezo hicho kikifuatwa bila hadhari, Kiswahili huachwa na rangi chache kavu, na jiko lote hutupwa nje.

Udhaifu huu hudhihirika zaidi Sakania, mji wa mpakani katika Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1909, ikaingia Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910. Kiswahili cha huko ni jirani wa Kibemba, na katika Kibemba rangi zile tatu ni vitenzi: -fiita, -buuta, -kashika. Kuwa chungu nako ni kitenzi, -lula. Kwa mzungumzaji wa lugha zote mbili, kitu kuwa chekundu au kuwa chungu ni tendo la kitu hicho, kama kuiva au kuchacha. Swali la mtafiti anayemwonyesha vipande vya karatasi za rangi na kumwomba majina linamfikia likiwa limekwisha kupotoka.

Hata maneno yanayofanana yana mitego. Umucele wa Kibemba ni chumvi. Mchele wa Kiswahili ni nafaka. Vyote viwili ni punje nyeupe, ila kufanana huko peke yake hakuthibitishi asili moja. Shaba nayo, iliyokuwa jina la jimbo zima kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, huonekana ardhini ikiwa malakiti ya kijani, kisha hutoka tanuruni ikiwa nyekundu. Kamusi huchagua wekundu na kunyamaza.

Linalohatarishwa hapa ni usomaji wa matini. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville. Johannes Fabian akaichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Msomaji mwenye kamusi ya pwani peke yake ataona makosa mengi katika kurasa hizo, na huenda asigundue kwamba mengine ni maana. Kinachohitajika kwanza ni mkusanyo wa sentensi nzima kutoka Sakania, sokoni na stesheni, vitenzi vikiwa mbele ya vivumishi.